Kuwa na haki hakuungi mfupa: jinsi ya kuendesha pikipiki ukijua hatari ni yako mwenyewe

Kuna msemo tunaupenda sana, "ajali haina kinga". Mtu akianguka na pikipiki tunausema, tunatikisa kichwa, maisha yanaendelea. Mimi huu msemo naugomea kabisa, na nitaugomea mpaka mwisho wa hii makala, kwa sababu ajali nyingi za pikipiki zina kinga tena nyingi tu, ila kinga yenyewe iko mikononi mwako wewe uliyekalia siti, haiko kwa mwenye gari wala kwa trafiki wala kwa aliyejenga barabara.

Sasa usinielewe vibaya. Sisemi kila ajali ni kosa la mwendesha pikipiki, hapana. Mwaka 1981 huko Marekani ulitoka utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Southern California, ulioongozwa na Harry Hurt, walichunguza ajali zaidi ya 900 eneo la Los Angeles kwa kwenda kabisa pale ajali ilipotokea. Wakakuta kwamba kwenye zile za pikipiki kugongana na chombo kingine, theluthi mbili mwenye chombo kile kingine ndo alivunja haki ya pikipiki kupita. Yani ukisema "madereva wa magari wanatuua" una ushahidi. Lakini swali langu ni moja, ukishalala pale chini mguu umegeuka upande, hiyo theluthi mbili inakusaidia nini? Lawama inagawanywa kituo cha polisi na mahakamani, maumivu hayagawanywi, yanabaki kwako yote. Kwa hiyo ukiwa juu ya pikipiki acha kuuliza nani ana makosa, uliza hivi, mimi naweza kufanya nini hapa ili kosa la huyu lisinifikie.

Halafu utafiti huo huo ulikuta ile robo ya ajali ambazo hakuna chombo kingine kilichohusika, yani mtu na pikipiki yake peke yake, theluthi mbili chanzo ni mwendeshaji mwenyewe, kabana breki vibaya akateleza au kaingia kona na spidi akatoka nje. Na hapo utamlaumu nani?

Ukikoswakoswa, rudisha mkanda nyuma

Hili ndo zoezi naliona kubwa kuliko yote na halina gharama. Gari limekuchomekea, umebana breki, moyo unadunda, umepona. Wengi hapo tunatukana, tunapiga honi, tunamfukuzia mpaka kwenye taa tukamwonyeshe sura. Mwache aende zake. Ukifika sehemu salama simama, vua glavu, rudisha kichwani sekunde kumi za kabla ya lile tukio. Nilikuwa upande gani wa barabara? Niliona tairi lake la mbele linaanza kugeuka? Nilikuwa kwenye kioo chake au nimejificha ubavuni pale asiponiona? Spidi yangu ilikuwa inalingana na ile sehemu? Vidole vilikuwa juu ya breki au vimeng'ang'ania tu mpini?

Karibu kila mara utakuta kuna dalili ilikuwepo na imekupita. Hiyo dalili ndo mali yako ya kubeba. Na mara nyingine utakuta kweli hakuna ulichoweza kufanya, sawa, ila usiharakishe kufika kwenye hilo jibu, maana ni tamu, na ukilizoea hutajifunza chochote tena. Mtu aliyeendesha miaka mingi huku kila akikoswakoswa anasema "yule mjinga" ana uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwarudiwa.

Njia panda ndo tunapoliwa

Kama kuna sehemu moja ya kuweka akili yote ni pale gari linaposubiri kuingia barabara yako, au linalokuja mbele yako linataka kukata kukatiza njia yako. Dereva anakutazama kabisa usoni halafu anaingia, na baadaye anaapa hakukuona. Na mara nyingi hadanganyi! Macho ya binadamu yakiruka kutoka upande huu kwenda ule, ubongo unazima picha kwa muda mfupi sana, na pikipiki ni nyembamba, inaweza kupotea humo humo, au nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele cha gari. Tena ukiwa unamjia moja kwa moja, picha yako kwenye macho yake inabaki ndogo ndogo mpaka ukiwa karibu sana ndo unavimba ghafla, hivo hata akikuona anakadiria vibaya uko mbali kiasi gani na unakuja na spidi gani.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiona gari limesimama kwenye mchepuko, usimwangalie dereva machoni ukaridhika kwamba "tumeonana". Angalia tairi lake la mbele, pale kwenye rimu. Gari likianza kusogea bodi inaonekana kama imetulia bado lakini rimu inazunguka, nati zinahama, unaliona kabla ya kitu kingine chochote. Achia mafuta kidogo, weka vidole viwili juu ya breki ya mbele na uibane kidogo tu kama kuigusa, taa ya nyuma iwake aliye nyuma ajiandae. Sogea upande wa mbali na lile gari ndani ya njia yako, na huko kusogea kwenyewe kunasaidia, maana kitu kinachocheza kulia kushoto macho yanakidaka haraka kuliko kinachokuja kimenyooka. Taa ya mbele iwake mchana na usiku. Na kama kuna gari jingine linapita njia ileile na wewe, usijifiche nyuma yake au ubavuni, yule anayesubiri kuingia ataona gari limepita akajua barabara nyeupe, kumbe wewe uko nyuma.

Magari yaliyopaki pembeni nayo, pita mbali kiasi ambacho mlango ukifunguliwa wote haukufikii. Ukiona kichwa cha mtu ndani ya gari lililopaki, huo mlango kwako uhesabu umeshafunguliwa.

Malori na mabasi sitasema sana. Kama huoni vioo vyake vya pembeni, yeye hakuoni. Usikae ubavuni mwake hasa akikaribia kukata kona, tela linakata ndani zaidi kuliko kichwa na hapo katikati hakuna pa kutokea.

Spidi, hapa tupige hesabu kabisa

Watu wanadhani 60 na 80 ni tofauti ndogo, "nimeongeza kidogo tu". Tuone. Kwenye 60 kwa saa unatembea karibu mita 17 kila sekunde. Tuseme mtoto kaingia barabarani, mpaka uone, uelewe, mkono ufike kwenye breki, imeshapita sekunde moja, mita 17 zimeliwa na hata hujaanza kupunguza mwendo. Kisha kwa breki nzuri, lami kavu, na mtu anayejua kubana, inahitaji kama mita 20 kusimama. Jumla 37 hivi.

Sasa mwenye 80. Sekunde ile ya kwanza anakula mita 22. Anaanza kubana. Akifika pale pale kwenye mita 37 ambapo mwenzake wa 60 ameshasimama kaweka mguu chini, yeye bado anatembea kama 60 kwa saa. Soma tena hiyo sentensi. Ile "kidogo tu" uliyoongeza imemrudisha kwenye spidi nzima ambayo mwenzake alianza nayo. Sababu ni kwamba umbali wa kubana breki hauongezeki sambamba na spidi, spidi ikiwa mara mbili umbali unakuwa mara nne.

Na hiyo ni kwa mtu aliye fiti, lami kavu. Mvua ya kwanza baada ya ukame ndo mbaya kuliko zote, vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye lami yanaelea juu, barabara inakuwa sabuni. Mistari ya rangi, mifuniko ya chuma, majani yaliyolowa, dizeli iliyomwagika kwenye kona (harufu yake utaisikia kabla hujaiona, ukiisikia tu punguza), vyote hivyo pita juu yake pikipiki ikiwa imenyooka, usibane, usiongeze mafuta ghafla.

Umbali na gari la mbele yako usipungue sekunde mbili, mvua ikinyesha nne. Chagua kitu pembeni, nguzo au kibao, gari la mbele likikipita anza kuhesabu. Ukifika kabla hujamaliza, rudi nyuma. Kuna mwingine ataingia kwenye ile nafasi uliyoacha, ndiyo, ataingia, na wewe utaacha nafasi nyingine. Inaudhi lakini fanya.

Breki zinafundishika

Yule Hurt alikuta pia kwamba ajali ya kawaida inakupa chini kidogo ya sekunde 2 tu za kufanya chochote, na kwamba wengi wanakanyaga breki ya nyuma mpaka tairi linateleza huku ya mbele wanaibana kiuoga. Hii hofu ya breki ya mbele imeua watu. Utasikia "usiguse ya mbele, itakurusha". Breki ya mbele ndo inayosimamisha pikipiki, kwa sababu ukibana uzito mwingi unahamia mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini linashika barabara, la nyuma linakuwa jepesi. Kinachorusha watu ni kuibana ghafla kama unanyakua, kabla uzito haujahama, au kuibana ukiwa umelala kwenye kona au tairi liko juu ya mchanga.

Namna ya kubana ni kama unakamua ndimu, unaanza taratibu, unasikia shokapu za mbele zinashuka, ndo unaongeza nguvu, unaongeza, na ya nyuma unaisaidia kwa mguu kidogo. Macho mbele na juu, usiangalie tairi. Mikono isikaze. Tafuta uwanja mtupu wenye lami, anza na spidi ndogo ya 20, ya 30, rudia mpaka vidole vifanye bila kuulizwa, na ukilala miezi hujafanya rudi tena ufanye. Kama pikipiki haina ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga ukibana breki) ujue tairi la mbele likifunga unaachia papo hapo unabana upya, la sivyo unalala. Na siku unanunua pikipiki, kama uwezo unaruhusu, chukua yenye ABS. Ukianza kuuliza uliza kwanza hiyo kabla ya kuuliza inakimbia ngapi.

Kona

Punguza spidi kabla ya kuingia, sio ukiwa ndani. Ukiingia taratibu unaweza kuongeza katikati, ukiingia haraka huna cha kufanya ila kuomba Mungu. Kama huoni kona inaishia wapi, basi spidi yako iwe ya kukuwezesha kusimama ndani ya ile sehemu unayoiona, kwa sababu nyuma ya pale kunaweza kuwa na ng'ombe, kokoto, au lori limeharibika.

Na pikipiki inaenda unakoangalia. Ukiogopa shimo ukalikodolea macho utaingia kwenye shimo. Ukiona unatoka nje ya kona, geuza kichwa, kichwa kabisa na kidevu, angalia kule barabara inakotokea, halafu sukuma mpini wa upande unaotaka kwenda. Unataka kulia, sukuma mkono wa kulia kwenda mbele, pikipiki inalala kulia. Ukiiwaza inakataa kuingia akilini lakini ndivyo zinavyokata zote ukishapita mwendo wa mtu anayetembea, jaribu kwenye ule uwanja mtupu utaona. Wengi waliotoka nje ya kona pikipiki zao zilikuwa na uwezo wa kulala zaidi, aliyekata tamaa ni aliyekaa juu.

Helmeti na nguo

Mei 1935 T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyepata umaarufu Uarabuni wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, alianguka na pikipiki yake huko Dorset akikwepa vijana wawili wenye baiskeli. Hakuwa na helmeti. Akafa siku 6 baadaye kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, daktari bingwa wa ubongo, kifo kile hakikumtoka akilini, akaanza kufuatilia wanajeshi wanaobeba ujumbe kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba wenye helmeti majeraha yao ya kichwa ni mepesi. Leo tafiti zikijumlishwa zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa kama 42% na wa kuumia kichwa kwa kama 69%. Hakuna kitu kingine unachoweza kuvaa kikakupa hivyo.

Ila iwe helmeti kweli na iwe imefungwa. Ile ya kuning'inia mkononi inalinda kiwiko. Ile isiyofungwa mkanda inatangulia kuruka kabla yako. Jaribu hivi: ifunge, kisha shika kisogoni uisukume kwenda mbele kama unaivua. Ikitoka, haikufai. Ikae imebana mashavu kiasi kwamba ukiizungusha ngozi ya uso inavutika nayo. Tafuta alama ya viwango, mfano ECE 22.06 inayotumika Ulaya au DOT ya Marekani. Nunua mpya, ya mtu hujui imepitia nini, ile foamu ya ndani inafanya kazi mara moja tu, ikishapokea pigo imesagika hata kama nje inang'aa. Na ikiwezekana chukua inayofunika uso mzima. Nimewahi kushika helmeti ya rafiki yangu aliyeteleza kwenye kokoto, sehemu ya kidevu ilikuwa imesagwa imekuwa bapa kabisa, plastiki imeisha foamu nyeupe inaonekana, juu kichwani haina hata mkwaruzo. Pale bapa ndo palipokuwa na taya lake.

Nguo, kwa kifupi, vaa kwa ajili ya kuanguka usivae kwa ajili ya kuendesha. Glavu kwanza, kwa sababu kila anayeanguka anatanguliza viganja. Viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Koti zito na suruali nzito hata kuna joto. Ndala hapana, hata kama unaenda hapo tu, maana barabara haijui unaenda wapi.

Pikipiki yenyewe na wewe mwenyewe

Asubuhi dakika mbili zinatosha: upepo wa tairi zikiwa baridi, macho kwenye tairi kama kuna msumari au zimeanza kuwa kipara, cheni isilegee wala isikaze sana (kipimo kiko kwenye kitabu cha pikipiki), breki zote mbili, taa zote ikiwemo ya breki, oili. Ubavuni mwa tairi kuna mstari wa herufi na namba, angalia zile namba 4 za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi la zamani linakauka linakosa kushika hata kama lina meno, muuzaji hatakwambia hilo, soma mwenyewe.

Ila chombo kinachokaguliwa kidogo kuliko vyote ni mwendeshaji. Kwenye ule utafiti wa 1981 karibu nusu ya ajali za vifo pombe ilihusika. Kwa pikipiki hakuna "nimekunywa mbili tu", gari unaweza kuyumba ukabaki ndani ya bati, hapa balansi ndo kila kitu na ndo ya kwanza kuondoka. Usingizi vilevile. Hasira vilevile, umegombana na mtu nyumbani au kazini unapanda unakaza mafuta, huyo sio wewe unayeendesha. Simu iingie mfukoni iwe kimya. Siku ukijijua hauko sawa acha pikipiki, panda chombo kingine, kesho utaikuta.

Ukibeba mtu ujue umebeba uamuzi wa mtu mwingine. Yeye hana breki, hana mpini, amekukabidhi. Helmeti yake iwe nzuri kama yako, sio ile iliyochakaa ya akiba. Mwambie kabla hamjaondoka aweke miguu kwenye sehemu za kukanyagia hata mkisimama, akushike kiunoni, mkilala kwenye kona asijinyooshe kwenda upande wa pili. Umbali wa kusimama utaongezeka, kwa hiyo acha nafasi zaidi. Na kumbuka kuongeza upepo tairi la nyuma kama kitabu kinavyosema.

Mkiwa kundi ndo wengi wanapotea. Wa mbele mzoefu anaingia kona kwa mwendo wake, wa nyuma anaona aibu kuachwa, anamfuata kwa mwendo ambao sio wake. Kabla hamjawasha kubalianeni mtasubiriana wapi, kila njia ya kugeuka wa mbele asimame mpaka amwone wa nyuma yake, hapo hakuna anayekimbizana. Mkikuta kundi halikubali hilo, waache wakae mbele. Na kubalianeni kabisa mmoja akianguka mtafanya nini: anayefuata asimame salama azuie magari kwanza, mwingine apige simu ya dharura, na helmeti yake msiivue haraka haraka kama anapumua vizuri, shingo inaweza kuwa imeumia, mshikilieni kichwa kisicheze mpaka wenye ujuzi wafike.